Neno "asilia" kwenye ankara: magari ya kale hupimwaje, na hasara huanzia wapi

Mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 na klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo, yanafahamika kwa wengi kama siku ya wenye nafasi kuonesha magari yao yaliyong'arishwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Watazamaji hupiga picha, familia hutandika mikeka, na jioni washindi huondoka na vikombe.

Lakini ukiyatazama kwa jicho la biashara, kazi kubwa ya siku hiyo hufanywa na watu wachache wenye makaratasi mikononi. Jaji anapoinama kuchungulia chini ya gari huuliza swali lile lile ambalo ofisa wa forodha wa Ulaya au mnunuzi wa ng'ambo ataliuliza baadaye: je, hili ndilo gari lililotoka kiwandani, au ni jina lake tu lililobaki?

Jibu la swali hilo lina bei. Linaweza kupunguza ushuru kwa maelfu ya pauni, linaweza kuvunja mkataba wa mauzo, na linaweza kumwacha msafirishaji akidaiwa fidia ya kioo ambacho dukani kinauzwa kwa bei ya chini. Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, ambako magari ya miaka ya 1950 hadi 1970 bado yanapatikana mashambani, misheni na nyuma ya gereji, ni swali linalostahili kueleweka kabla mtu hajatoa fedha zake.

Majaji wanatazama nini

Neno la Kifaransa linalotumika kwa maonesho haya lina maana ya mashindano ya umaridadi. Zamani urembo wa gari ndio uliobeba uzito. Mashindano maarufu ya Villa d'Este nchini Italia yalianza mwaka 1929, na yale ya Pebble Beach huko California, Marekani, yakaanza mwaka 1950. Kadiri miaka ilivyokwenda, urembo peke yake haukutosha tena, na hoja ya uasilia ikachukua nafasi ya mbele katika maonesho mengi makubwa.

Si maonesho yote yanayopima kwa namna moja. Yapo yanayotoa uzito mkubwa kwa usafi na hali ya gari: nje, ndani, injini, buti na sehemu za chini. Yapo mengine ambako kasoro ndogo ya kihistoria inaumiza kuliko vumbi. Chama cha Marekani kinachoshughulika na magari ya Corvette, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, kina mfumo wa pointi zipatazo 4,500 kwa gari moja, na kipimo chake ni namna gari lilivyoonekana lilipomaliza kufungwa kiwandani. Tuzo yake ya juu ya maonesho hutaka gari lifikishe asilimia 94 au zaidi.

Kitu cha kwanza kutazamwa ni namba. Namba ya chesisi, namba ya injini na, kwa baadhi ya magari, namba ya giaboksi hulinganishwa na rekodi za kiwanda. Zikikubaliana, gari husemwa kuwa na namba zinazolingana. Hapa mfanyabiashara akumbuke kwamba namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 ilianza kuwa kanuni ya kawaida mwaka 1981. Gari la kabla ya hapo lina namba fupi, na ufupi huo haumaanishi kwamba limefanyiwa ujanja.

Baada ya namba hufuata mambo madogo ambayo fundi wa kawaida huyapuuza. Vichwa vya bolti vina alama gani? Mabomba ya maji yamebanwa kwa vibano vya enzi zile au vya dukani leo? Nyaya zimefunikwa kwa kitambaa au plastiki? Vioo vina nembo ya mtengenezaji wa wakati huo, na alama zake zinaendana na mwaka wa gari? Matairi ni ya muundo wa zamani au radiali? Rangi iliyopo ni miongoni mwa zile kiwanda kilizotoa mwaka huo? Kila jibu ni pointi inayobaki au inayokatwa.

Kung'arishwa kupita kiasi

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kinachong'aa zaidi ndicho chenye thamani zaidi. Kuna magari yaliyopakwa rangi laini kuliko kiwanda kilivyowahi kupaka, yakawekewa kromu mahali ambapo awali palikuwa na rangi nyeusi tu. Majaji wa mfumo wa uasilia hukata pointi kwa hilo, kwa sababu gari limepita kile lilichokuwa.

Mwelekeo wa soko unathibitisha jambo hilo. Mwaka 2001 Pebble Beach ilianzisha kundi maalumu la magari ya kabla ya vita ambayo hayajafanyiwa ukarabati mkubwa. Ilichukua miaka 23 kwa gari la namna hiyo kufika kileleni: mwaka 2024 gari la Bugatti Type 59 la mwaka 1934, likiwa bado na makovu yake ya umri, lilitwaa tuzo kuu ya maonesho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari lililohifadhiwa, badala ya lililokarabatiwa, kuchukua nafasi hiyo.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, nalo limeweka msimamo huo kwa maandishi katika Mkataba wa Turin. Hoja yake kuu ni kwamba kuhifadhi kunatangulia kukarabati, na kwamba kilichobadilishwa kitambulike wala kisifichwe. FIVA hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likitunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na likiwa si chombo cha usafiri wa kila siku.

Kwa lugha ya sokoni, maana yake ni hii. Mtu aliyenunua Peugeot 404 yenye rangi iliyofifia lakini ya kiwandani, viti vyake vya awali na injini yake, kisha akaipeleka kwa fundi bodi kupuliziwa rangi mpya na kushonewa viti vya ngozi ili "ipate soko", huenda amelipa fedha nyingi kuiteremsha thamani. Gari linaweza kupakwa rangi upya mara kumi, lakini rangi ya kwanza ikishakwanguliwa hairudi.

Somo la Bentley: halisi si sawa na asilia

Kesi inayofundisha zaidi katika biashara hii iliamuliwa na Mahakama Kuu jijini London mwezi Julai 1990. Ilihusu gari la Bentley Speed Six lililojulikana kwa jina la Old Number One, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na kurudia mwaka 1930.

Baada ya ushindi huo gari lilibadilishwa mara kadhaa. Mwaka 1932, likiwa na injini kubwa zaidi, lilipata ajali katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza na dereva wake, Clive Dunfee, akafariki. Baadaye lilijengwa upya likiwa na bodi ya namna nyingine kabisa. Miongo kadhaa baadaye mmiliki mmoja alikubaliana na kampuni moja kuliuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Mnunuzi akarudi nyuma, akidai kwamba gari hilo si Old Number One tena, kwa kuwa sehemu kubwa ya vyuma vya mwaka 1929 na 1930 haimo ndani yake.

Jaji Otton aliamua kwa upande wa muuzaji. Hoja yake haikuwa kwamba gari ni asilia. Alikubali kwamba kwa maana ya vyuma vile vile vilivyoondoka kwenye karakana ya mbio, gari haliwezi kuitwa asilia. Lakini aliona kwamba halikuwahi kutoweka kisha likafufuliwa. Lilibadilika hatua kwa hatua, likiwa na historia isiyokatika. Kwa hiyo lilistahili kuitwa halisi.

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyobeba pauni milioni 10. Mfanyabiashara anayeandika ankara au tangazo la kuuza gari la kale angefanya vyema kujiuliza anaahidi nini. "Asilia" ni ahadi kuhusu vyuma na rangi. "Halisi" ni ahadi kuhusu historia. "Lililokarabatiwa" ni ahadi kuhusu kazi ya fundi. Anayeyachanganya anampa mnunuzi mlango wa kurudi kudai fedha zake.

Kesi hiyo pia inaonesha thamani ya karatasi. Kilichomwokoa muuzaji ni mlolongo wa ushahidi wa wapi gari lilikuwa na nani alilifanya nini. Katika ukanda huu, kadi za zamani za usajili, risiti za gereji, picha za familia na vibandiko vya bima hutupwa gari linapouzwa. Karatasi hizo ni sehemu ya mzigo, na bei ya gari bila hizo si bei ile ile.

Hesabu ya forodha

Uasilia hauishii kwenye vikombe. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa za forodha, gari la abiria huingia chini ya kichwa 8703. Gari linalokubalika kuwa kitu cha ukusanyaji chenye thamani ya kihistoria linaweza kuingia chini ya kichwa 9705, pamoja na vitu vya makumbusho.

Umoja wa Ulaya umeweka vigezo vya wazi kwa gari la namna hiyo. Liwe katika hali yake ya awali, bila mabadiliko makubwa ya chesisi, bodi, usukani, breki, usafirishaji wa nguvu, springi au injini. Liwe na umri wa angalau miaka 30. Liwe la aina ambayo haitengenezwi tena. Ukarabati na ubadilishaji wa vipuri vilivyochakaa unaruhusiwa mradi hali sahihi ya kihistoria imelindwa. Gari lililofanywa la kisasa halimo. Uingereza iliendelea na vigezo vinavyofanana na hivyo baada ya kutoka kwenye umoja huo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Land Rover Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, inafika Uingereza kutoka Mombasa ikiwa na thamani ya pauni 20,000 pamoja na bima na nauli ya meli, na haina nafuu nyingine ya ushuru. Ikihesabiwa kuwa gari la kawaida, ushuru wa asilimia 10 ni pauni 2,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya pauni 22,000 ni pauni 4,400. Jumla ni pauni 6,400.

Gari hilo hilo likikubaliwa kuwa kitu cha ukusanyaji, ushuru ni sifuri na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5, yaani pauni 1,000. Tofauti ni pauni 5,400. Kwa wafanyabiashara wengi hiyo ndiyo faida yote ya safari.

Sasa tuseme Land Rover hiyo iling'olewa injini yake miaka ya 1990 na kuwekewa dizeli ya Isuzu au Toyota, kama zilivyofanyiwa nyingi katika eneo hili kwa sababu za msingi kabisa: mafuta nafuu na vipuri vinavyopatikana. Kwa mkulima aliyeitumia ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa anayetaka kuiuza kama gari la kale, injini hiyo imeliondoa kwenye kigezo cha hali ya awali. Kuitafuta injini ya petroli ya aina ile ile kunasaidia, lakini namba zake hazitalingana na rekodi, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo.

Upo pia upande wa pili. Nchini Australia bidhaa zenye asbesto zimepigwa marufuku tangu mwisho wa mwaka 2003, na forodha ya huko hukagua magari ya kale kwa makini kwa sababu breki, klachi na gasketi za zamani zilitengenezwa kwa kutumia madini hayo. Gari lililobaki na kila kipande chake cha kwanza ndilo linaloweza kukwama bandarini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala ni soko gani linalolengwa, na la pili ndilo hali ya gari.

Gari la kiwanda kipi?

Afrika Mashariki ina tatizo lake la pekee katika hoja hii, na pengine ni fursa yake pia. Tangu miaka ya 1970 Kenya imekuwa na viwanda vya kufunga magari Thika, Nairobi na Mombasa. Magari kama Land Rover na Peugeot 504 yaliletwa vipande vipande na kufungwa nchini. Sera ya serikali ilitaka baadhi ya vitu vitoke kwa watengenezaji wa ndani, vikiwemo betri, springi, vioo na rangi.

Hapo ndipo kitabu cha jaji wa ng'ambo kinapofika mwisho. Land Rover iliyofungwa Thika ikiwa na kioo cha Kenya si gari lililobadilishwa. Hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani, ila kiwanda chenyewe hakikuwa Solihull. Rekodi za Uingereza zinaweza kuonesha kwamba sanduku la vipande lilisafirishwa, bila kueleza lilifungwa lini wala lilipakwa rangi gani. Muuzaji asiye na ushahidi atakatwa bei kwa vipuri "visivyo sahihi" ambavyo kwa kweli ni sahihi.

Ushahidi huo unaweza kukusanywa: kibao cha kiwanda kilichopigiliwa kwenye bodi, kadi ya kwanza ya usajili, vitabu vya huduma vya wakala wa wakati ule, kumbukumbu za mafundi waliofanya kazi kwenye viwanda hivyo kabla hawajaondoka na elimu yao. Maonesho ya Nairobi yana nafasi nzuri ya kuwa mahali ambapo uasilia wa gari lililofungwa hapa unapimwa kwa kipimo cha hapa.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa magari yenye historia ya Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 na 1973. Tangu mwaka 2003 mbio za magari ya kale za East African Safari Classic zimerudisha hamu ya magari ya aina hizo. Kwenye soko kama hilo gari la kawaida lililopakwa rangi na namba za mashindano linaweza kuuzwa kama lililoshindana. Makovu ya chini ya gari, matundu ya bolti za kinga ya injini na hati za mashindano husema zaidi kuliko maneno ya dalali.

Ghala lisilojazwa tena

Kuna sababu nyingine ya kuyachukulia magari haya kwa uzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuyafungia mlango kwa namna hiyo, bali imeyatoza magari yenye umri mkubwa ushuru wa ziada.

Matokeo ni kwamba idadi ya magari ya kale yaliyomo Kenya na Uganda haiongezeki kwa njia ya kawaida. Kila moja linalouzwa nje au kukatwakatwa kwa ajili ya vyuma chakavu limepungua moja kwa moja. Kwa muuzaji hiyo ni habari njema ya bei. Kwa fundi, mshona viti na muuza vipuri wanaoishi kwa kuyatunza ni habari ya kufikirisha.

Vizuizi hivyo vina mtego mmoja kwa wanaovuka mpaka kwa maonesho. Gari la Arusha au Kampala linaloingia Kenya kushindana huingia kwa muda, kwa hati ya forodha ya muda au Carnet de Passages, na kwa bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Mmiliki akipata mnunuzi uwanjani Ngong, asimkabidhi funguo. Gari liliingia kwa masharti ya kurudi lilikotoka, na kwa kawaida mnunuzi hataweza kulisajili kutokana na umri wake. Biashara ya namna hiyo huishia kwenye bohari ya forodha.

Msafirishaji anabeba nini hasa

Kwa wenye malori, mzigo huu hautoi nafasi ya mazoea. Gari la kale halifungwi kwa mnyororo kwenye ekseli iliyopakwa rangi ya kiwandani, wala halisukumwi kwa kushika bampa. Mkanda wa kitambaa kwenye magurudumu, trela lililofunikwa, na mafuta kidogo kwenye tangi ni mambo ya kuanzia.

La muhimu zaidi ni karatasi ya makabidhiano. Kila mkwaruzo uandikwe na kupigwa picha kabla gari halijapanda trela, na namba zote zisomwe mbele ya pande zote mbili. Kioo chenye nembo ya mwaka 1962 kikivunjika njiani, kioo kipya hakilipi hasara, kwa sababu kilichopotea ni pointi za uasilia. Bima ya mizigo inayolipa thamani ya kipuri kipya itaacha pengo, na pengo hilo litatafutiwa mtu wa kulijaza. Ni heri thamani iliyokubaliwa iandikwe kwenye mkataba kuliko kubishana baada ya ajali.

Hakuna haja ya kila mfanyabiashara kuwa jaji wa maonesho. Lakini kabla ya kulipa, kupaka rangi au kupakia, asome namba, akusanye karatasi, ajue soko analokusudia, kisha achague neno moja la kuandika kwenye ankara na awe tayari kulitetea. Old Number One liliokolewa na neno "halisi". Lingeuzwa kwa jina la "asilia", huenda hukumu ingekuwa nyingine.